Nyanya Zako Hazina Njaa, Zimevimbiwa

Ile video yangu ya nyanya nimeifuta. Wale mnaonifuata tangu mwaka jana mnaijua, ile nimevaa kofia nyekundu, nimeshika kopo la samadi ya kuku, nikisema "mmea ukinuna, muongeze." Ilitazamwa mara 41,000. Hiyo video ililipa kodi yangu ya nyumba miezi miwili mfululizo, kwa hivyo msidhani kuifuta ilikuwa rahisi. Nimeifuta juu ya Mama Kevo.

Mama Kevo ni jirani yangu. Tunaishi ploti moja huku Githurai, yeye mlango wa pili kutoka kwa geti, mimi kule mwisho karibu na matangi. Ana kibanda cha mboga hapo nje. Mwezi wa tatu, mvua ndefu ikikaribia, mwenye ploti alimruhusu alime kile kipande cha nyuma, mita 4 kwa mita 2.5. Akachukua mkopo wa chama, shilingi 6,000. Akanunua miche 20 ya nyanya, fito, kamba, gunia la kilo 50 la samadi ya kuku, na baadaye kilo 2 za CAN kwa agroveti. Hesabu yake ilikuwa wazi kabisa: bei ya nyanya ikipanda, asiende sokoni kununua, auze zake.

Mwezi wa sita nyanya zilikuwa zimenipita kimo. Kijani iliyokolea mpaka inakaribia kuwa nyeusi. Watu wakipita wanasimama wanasifu, hata mimi nilizipiga picha nikaweka kwa stori, nikajisifu kama mwalimu. Lakini maua yalikuwa ya kuhesabu, na mengi yakianguka kabla ya kushika. Zile nyanya zilizopatikana kwa miche yote 20 hazikujaza karai moja, na nusu yake zilikuwa na kitako cheusi kilichooza.

Akaja kunigongea mlango. "Kijana wangu, si ulisema mmea ukinuna niongeze? Nimeongeza. Sasa mbona zinazaa majani?"

Nitasema ukweli. Jibu la kwanza lililokuja kwa kichwa changu lilikuwa "ni mbegu hiyo." Ndiyo kawaida yetu sisi watu wa kontenti, ushauri ukifeli lawama ni ya mbegu, ama ya hewa, ama ya yule aliyeufuata. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hata sikuwa nasomea kilimo, nilikuwa nasomea biashara. Nilijifunza nyanya kwa simu na kwa kuchafua vidole, basi. Kwa hivyo nilimeza mate, nikamwambia, "Mathe, nipe siku mbili." Nikaenda kumtafuta afisa wa kilimo wa wadi yetu. Alikuja, akashika jani moja akalikunja kama karatasi, likavunjika. Akacheka. "Hizi hazina njaa," akasema. "Zimevimbiwa."

Sasa wacha niwaeleze vile nilivyoelewa, kwa sababu nina hakika wengi wenu mko na ndoo kwa balkoni zilizovimbiwa hivi hivi.

Naitrojeni ndiyo chakula cha majani. Mmea unaitumia kutengeneza protini na ile rangi ya kijani yenyewe. Ikikosekana, majani ya chini yanageuka manjano na mmea unadumaa. Hiyo sehemu kila mtu anaijua, na ndiyo imetuharibu akili, kwa sababu ukiongeza naitrojeni kwa mmea ulio na njaa unaona tofauti ndani ya siku chache. Hakuna kitu kingine shambani kinachokujibu haraka hivyo. Kwa kamera ni tamu balaa: picha ya kabla, picha ya baada, muziki, kwisha.

Lakini nyanya si sukuma. Sukuma unakula jani. Nyanya unataka matunda, na nyanya ikipewa naitrojeni bila kikomo haioni haraka ya kuzaa ni ya nini. Inaendelea kujenga majani na matawi. Maua yanachelewa. Matawi yanakuwa laini, yamejaa maji, na vidukari, wale wadudu wadogo wanaojipanga chini ya jani, wanapenda huo ulaini kuliko kitu chochote. Mama Kevo alipulizia dawa mara tatu akidhani shida yake ni wadudu. Wadudu walikuwa wageni tu, aliyewaalika ni mbolea.

Na kile kitako cheusi? Watu wengi wanadhani ni ugonjwa. Ni kalsiamu kutofika kwa tunda, na mara nyingi kalsiamu yenyewe iko hapo hapo kwa udongo. Inasafiri na maji ndani ya mmea, na majani yakiwa mengi kupita kiasi yanavuta maji upande wao, tunda linabaki kavu. Ongeza mgao wa maji wa mtaa wetu, leo unamwagilia ndoo tatu halafu siku nne hakuna kitu, na umemaliza kazi. Hoho nayo hufanya hivyo hivyo. Karoti ndiyo inachekesha zaidi: juu kichaka, chini kidole chenye manyoya.

Sasa hesabu. Tuliifanya na Mama Kevo tukiwa tumekaa kwa kibanda chake, nyuma ya risiti.

CAN ina naitrojeni asilimia 26 hivi. Kilo 2 ni gramu 520. Samadi ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe, kwa uzito sawa ikiwa kavu huwa na naitrojeni kama mara mbili, lakini wacha tumpunguzie, tuseme asilimia 2 tu. Kilo 50 zinabeba kilo 1. Jumla ni kilo 1.5 za naitrojeni, kwa mita mraba 10.

Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakakubaliana kwamba wakulima wa bara hili wapandishe mbolea hadi kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015. Hilo ndilo lengo kubwa la bara zima. Hekta ni mita mraba 10,000, kwa hivyo gawanya: ni gramu 5 kwa mita mraba. Kwa kipande cha Mama Kevo, gramu 50, na hizo ni virutubisho vyote pamoja, si naitrojeni peke yake. Yeye aliweka gramu 1,500. Mara 30.

Sawa, najua mtanijia. Samadi haiachilii kila kitu mara moja, na nyanya ni mlafi kuliko mahindi. Gawanya kwa 5 basi. Bado ni mara 6. Na alifika hapo vipi? Konzi moja ya CAN kwa kila mche, mara mbili tu. Konzi ya mkono wa mtu mzima ni kama vijiko 10 vya chai. Kipimo ambacho wakulima wengi wa mahindi wanakijua ni kijiko kimoja kwa shimo.

Hapa ndipo nina shida na sisi, na najiweka mbele kwa foleni.

Maneno ya "ongeza mbolea" si uongo. Shamba la mahindi kule Magharibi lililovunwa miaka nenda miaka rudi bila kurudishiwa kitu lina njaa ya kweli, na huyo mkulima anahitaji kuambiwa aongeze. Serikali iliposhusha gunia la ruzuku kutoka 6,500 hadi 3,500 mwaka 2022, halafu 2,500 mwaka uliofuata, hao ndio waliolengwa. Sisi tumechukua ushauri wa huyo mkulima tukaumwaga kwa ndoo ya lita 20 hapa mtaani. Ndoo haina ekari. Haina mahali pa kupeleka ziada. Kipande cha nyuma ya ploti nacho kimeshakula maganda ya jikoni, maji ya kuoshea vyombo, samadi ya kuku wa mwenye ploti, na bado mtu anakuja na gunia.

Na kwa nini hakuna mtu mtandaoni anasema "wacha"? Kwa sababu "ongeza" ina mdhamini. Mimi nimewahi kutumiwa chupa za busta bure, nizishike tu kwa kamera sekunde kumi. Hakuna mtu amewahi kunitumia pesa niwaambie msinunue kitu. Yule wa agroveti naye, Mama Kevo alipompelekea jani, alimuuzia busta ya maua. Ndani ya busta nyingi kuna nini? Someni lebo. Namba ya kwanza kati ya zile tatu ni naitrojeni. 17-17-17, hiyo 17 ya mwanzo ndiyo yeye. DAP, 18-46-0, 18 ndiyo yeye. Yurea ndiyo baba yao, 46. Hizo namba tatu ni bure kusoma na hakuna msee anazisoma.

Basi tukafanya nini?

La kwanza, tuliacha. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini kwa Mama Kevo ilikuwa kama kumwambia asipikie mgeni. Kila asubuhi anaona mmea, mkono unawasha. Naitrojeni ya ziada haikai milele kwa udongo. Mimea inaikula, nyingine inapotea hewani, nyingine inaoshwa na mvua. Ukiacha kuongeza, nusu ya vita imeisha, na haujatumia hata bob.

La pili, maranda. Fundi wa mbao hapo barabarani anatupa maranda na unga wa mbao kila jioni. Vitu kama hivyo vimejaa kaboni na havina naitrojeni karibu yoyote, na bakteria wa udongo wakitaka kuvila lazima watafute naitrojeni mahali. Wanaichukua kwa udongo, wanaifungia ndani ya miili yao, na baadaye wakifa inarudi polepole. Ni kama kuweka pesa kwa chama badala ya kuishi nazo mfukoni. Ukitandaza juu tu, inafanya kazi kidogo, pale juu juu. Ukichanganya na udongo ndiyo inavuta kweli. Lakini msianze kuzika magunia ya unga wa mbao kesho asubuhi, manze. Ukizidisha utaifunga naitrojeni yote, na miezi yote ijayo mmea wako utakuwa manjano, utarudi kwa komenti kunitukana. Sisi tulichanganya karai tatu kwa kile kipande chote, hiyo ni baada ya nyanya kutoka, na juu tukatandaza majani makavu na mabua ya mahindi. Kama maranda yametoka kwa banda la kuku, hayo wachana nayo. Hayo ni samadi tayari.

Na hapo katikati, nyanya zikiwa bado zimesimama? Hatukuzing'oa. Tulimwagilia kidogo kidogo kila siku badala ya mafuriko mara moja kwa wiki, na tukajizuia kukatakata matawi, kwa sababu ukikata sana mmea uliovimbiwa unajibu kwa matawi mapya. Mwezi wa saba ukiisha zikaanza kushika. Karai mbili na nusu. Si za kulipa mkopo, lakini zilikuwa nyanya.

La tatu ndilo nalipenda. Ukiwa na naitrojeni nyingi, panda mlafi. Sukuma, managu, spinachi, kabeji, mahindi. Hao wanaivuta, wewe unakata unaenda kuuza, na naitrojeni inatoka kwa geti ndani ya mfuko wa mteja. Muhimu usirudishe mabaki hapo hapo, peleka mabua na mashina kwa mboji ama kwa migomba. Kuna kitu kimoja tu: mboga za majani zilizokua kwa udongo uliojaa naitrojeni zinaweza kuweka naitreti nyingi kwa majani, spinachi hasa. Vuneni jioni, jua likiwa limefanya kazi, si alfajiri. Chemsheni na mmwage maji. Na mtoto mchanga msimpondee spinachi hiyo.

Wa ndoo, kwenu ni rahisi zaidi. Toa nusu ya udongo, weka udongo mwekundu mtupu, changanya. Ile nusu uliyotoa ipelekee migomba ya mtu. Mgomba hauwezi kukulalamikia.

Sasa komenti. Nilipoandika kidogo kuhusu hii wiki jana, mlinipa dawa za kutosha kufungua kliniki.

"Panda maharagwe, yanarekebisha udongo." Hapana. Maharagwe na kunde yanaongeza naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria walio kwa vinundu vya mizizi, na udongo ukishajaa naitrojeni hayajisumbui hata kutengeneza hivyo vinundu. Yatakula ya bure kama sisi wote na kuzaa majani. Ukitaka kujua, ng'oa mche mmoja wa maharagwe, kata kinundu. Kikiwa cha waridi ndani, kinafanya kazi. Mizizi ikiwa mitupu na mmea ni kijani kabisa, udongo wako umeshiba. Hicho ndicho kipimo cha mtu aliyesota. Mwenye pesa kidogo apeleke udongo KALRO kule Kabete, wanapima.

"Weka majivu." Majivu yana potasiamu na kalsiamu, si mabaya kwa kiasi. Hayatoi naitrojeni, na ukiyamwaga juu ya samadi mbichi, inayoinuka ni harufu ya amonia, inakuchoma macho.

"Mkojo uliochanganywa na maji." Buda. Mkojo NI naitrojeni.

"Mwagilia maji mengi yaioshe." Hili ndilo lilinifanya niandike badala ya kurekodi, kwa sababu si jambo la sekunde 60. Linafanya kazi, ukweli usemwe. Naitreti haishikwi na udongo, maji yakishuka inashuka nayo. Swali ni inashuka kwenda wapi. Hatua 15 kutoka kwa zile nyanya kuna kisima. Mfereji ukikauka, na mnajua huku unakauka, ploti nzima inachota hapo. Vyoo vya shimo viko mtaani, navyo vinateremsha yao. Halafu juu yake Mama Kevo na mimi tumeongeza kilo moja na nusu.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa, na sababu kubwa ni watoto wachanga. Mtoto wa miezi michache akikorogewa maziwa ya kopo kwa maji yaliyojaa naitreti, damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni vizuri, ngozi inaanza kugeuka rangi ya bluu. Na kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini naitreti inabaki pale pale, na maji yakipungua kwa mvuke inakuwa kali zaidi. Mlango wa nne kuna mama ana mtoto wa miezi minne. Ni mtu makini, huchemsha maji ya kisima kila siku na kuyafunika vizuri. Nilienda kumwambia mwenyewe. Sasa maji ya maziwa ya mtoto ananunua, mtungi kando. Hayo ni matumizi mapya kwa mtu ambaye hajawahi kupanda hata dania.

Kwa hivyo mkiniuliza kwa nini naitwa mwenye kelele juu ya mbolea, ndiyo hiyo. Kila mtu akidhani ziada inapotea tu, inapotea kwa jirani. Wale wa upande wa Kibera mnalijua Bwawa la Nairobi, vile limemezwa na gugumaji miaka yote hii. Hilo gugu halikufikia hapo kwa kufunga. Linakula naitrojeni na fosforasi kutoka kwa maji machafu yetu sote.

Wenzangu wenye kurasa za bustani, najua mnasoma. Siwaambii mfute video zenu. Weka tu kipimo. Badala ya "ongeza samadi," sema samadi gani, imekaa muda gani, kiasi gani kwa ndoo ya ukubwa gani, na lini mtu aache. Samadi ya kuku mbichi ikae miezi miwili au mitatu kwanza. Sentensi moja hiyo haikuchukui sekunde tano, na mimi sikuisema.

Video mpya niliiweka Jumanne, ile ya kumwambia mtu asiongeze. Imetazamwa mara 900. Mmoja ameandika "bro umeishiwa."

Kile kipande sasa ni managu na sukuma. Mama Kevo anavuna jioni, anauza kesho yake. Kwa chama amebakisha shilingi 2,400. Mwezi uliopita nilimlipia 1,500 kutoka kwa ile pesa ya video ya zamani. Alizihesabu mara mbili, akaziweka kwa kiatu, akaniuliza kama maranda ya leo nimechota ama bado.